Fumbo la Wembley: Siku Mandela Alipoimbiwa Akiwa Kifungoni

Wapenzi wa taarabu hawahitaji kuelezwa maana ya fumbo. Mwimbaji ataimba habari za paka mdokozi, na papo hapo mama mmoja atainuka kwenda kutunza kwa mbwembwe huku mwingine akikunja uso. Jina halikutajwa, lakini ukumbi mzima umeelewa.

Fumbo kubwa kuliko yote niliyopata kuyaona halikuimbwa Mombasa wala Unguja. Liliimbwa London, katika uwanja wa mpira wa Wembley, Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1988, mbele ya watu wapatao 72,000. Siku hizo nilikuwa mwanafunzi huko Uingereza, nami nilikuwa mmoja wa waliokatiwa tikiti.

Kwa nje ilikuwa sherehe ya kuzaliwa. Nelson Mandela alikuwa anakaribia kutimiza miaka 70 hapo tarehe 18 Julai, naye yuko gereza la Pollsmoor, mfungwa tangu mwaka 1962. Watu waimbe, wamtakie heri, na mapato yasaidie chama cha Waingereza cha kupinga ubaguzi wa rangi pamoja na mashirika yanayohudumia watoto wa kusini mwa Afrika. Nani atakataza mtu kutakiwa heri?

Ndani yake ndimo mlimokuwa na mambo. Miezi minane tu nyuma, Oktoba 1987, Waziri Mkuu Bibi Thatcher alikuwa amekiita chama cha ANC kuwa ni cha magaidi. Mkutano wa hadhara wa kuwalaani makaburu usingepewa hata saa moja katika televisheni. Lakini sherehe ya kuzaliwa, tena yenye waimbaji mashuhuri, BBC iliionyesha kutwa. Baadhi ya wabunge wa chama cha Conservative walilalamika sana, nami sikuwashangaa. Fumbo likikupata lazima ununune.

Najua wako watakaouliza: na wewe Mwislamu ulifuata nini kwenye mkusanyiko kama ule? Sitaficha, pombe ilinywewa mle kama maji, na mavazi ya vijana yalikuwa ya kuinamisha macho. Lakini adhuhuri ilipoingia nilikuwa nahangaika kutafuta pembe ya kusalia, mara mzee mmoja akanishika mkono. Alikuwa Mwislamu wa Cape Town aliyeikimbia nchi yake. Kiswahili hakijui, na Kiingereza chake kilinipa taabu, lakini sura alizozisoma ni zile zile nilizofundishwa chuoni. Tulisali chini ya ngazi za uwanja juu ya koti lake.

Yeye ndiye aliyenipa habari za Imamu Abdullah Haron. Imamu huyu wa Cape Town alikamatwa na polisi mwezi wa Mei 1969, akawekwa kizuizini siku 123 bila ya kushtakiwa, akafa tarehe 27 Septemba mwaka ule ule. Polisi wakasema ameanguka kwenye ngazi. Jioni, Peter Gabriel alipouimba wimbo wake wa Steve Biko, aliyeuawa mikononi mwa polisi hao hao mwaka 1977, na uwanja mzima ukainua ngumi, mzee yule hakuinua yake. Aliniinamia sikioni akaniuliza, "Na imamu wetu je?" Sikuwa na la kumjibu. Jibu lilikuja Oktoba 2023, mahakama ya Cape Town ilipoamua kwamba imamu aliteswa hadi kufa. Sijui kama mzee aliwahi kulisikia.

Upande wangu wa pili alikaa binti wa Kiingereza aliyekuja kwa ajili ya Whitney Houston, hakuja kwa lingine. Mchana aliniuliza, "Huyu Mandela mwenyewe ataimba saa ngapi?" Nilicheka, kisha nikaacha. Fumbo lilikuwa limetungwa kwa ajili ya watu kama yeye hasa. Nikamweleza kwamba kesho yake, 12 Juni, ingetimia miaka 24 tangu ahukumiwe kifungo cha maisha. Alinitazama kama niliyemdanganya.

Waafrika walikuwapo pia: Miriam Makeba na Hugh Masekela, ambao nchi yao ilikuwa haikanyagiki kwao, na Salif Keita na Youssou N'Dour kutoka upande wa magharibi. Ila kilichonikaa moyoni mpaka leo ni jambo ambalo halikupangwa. Stevie Wonder alipotaka kupanda, ikaonekana kwamba kifaa kilichohifadhi muziki wake hakipo, akaondoka akilia. Pengo likazibwa na msichana ambaye wengi wetu tulikuwa hatumjui, Tracy Chapman, peke yake na gitaa lake, kama mtu na udi wake barazani. Kelele zote zile zikanywea. Stevie Wonder alirudi baadaye akaimba.

Sherehe ilirushwa katika nchi 67. Huko Marekani televisheni ya Fox iliyakata maneno mengi ya siasa, ikabaki na nyimbo. Lakini utakata nini katika jina? Kila aliyepanda alilitaja. Kesho yake watu 25 walianza safari ya miguu kutoka Glasgow hadi London kudai Mandela aachiliwe. Aliachiliwa tarehe 11 Februari 1990.

Miezi miwili baadaye, 16 Aprili 1990, tamasha la pili lilifanywa pale pale Wembley. Mimi nilikwisha kurudi Mombasa, nikalifuata kwenye redio. Safari hii mwenye jina alikuja mwenyewe. Watu walisimama wakampigia makofi dakika nyingi kabla hajaweza kutamka neno, na alipotamka hakufumba: vikwazo dhidi ya makaburu visilegezwe.