Mawimbi hafifu: mtaji utangulie kwenye dishi

Mfanyabiashara wa hoteli au baa anayetaka kuonyesha chaneli za mbali mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya risiva. Huo ndio mwanzo wa hasara. Mawimbi yakiwa hafifu, dishi ndilo linaloamua kama picha itapatikana, na mtaji unapaswa kutangulia huko.

Mfano ni Nilesat, iliyoko nyuzi 7 magharibi. Mwale wake umeelekezwa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, lakini chaneli zake za Kiarabu zina wapenzi pia katika mwambao wa Afrika Mashariki, ulio kusini ya eneo hilo. Mawimbi yakipungua kwa desibeli 3, nguvu yake hubaki nusu. Ili kufidia, eneo la dishi lazima liwe maradufu, yaani kipenyo kizidishwe kwa 1.4. Palipotosha dishi la sentimita 90 patahitaji la sentimita 127 hivi. Yakipungua kwa desibeli 6, la sentimita 180.

Baada ya dishi hufuata LNB, kile kichwa kinachokaa mbele yake kupokea mawimbi. Ubora wake hupimwa kwa kelele inayoongeza: bendi ya C kwa kelvini, bendi ya Ku kwa desibeli. Tarakimu ndogo ndiyo bora. Hata hivyo, LNB nzuri haifidii dishi dogo. Busta nayo husaidia kwenye kebo ndefu tu. Hukuza mawimbi pamoja na kelele yake.

Dishi la wavu ni jepesi na halisumbuliwi sana na upepo. Linafaa bendi ya C, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 7 hadi 8. Mawimbi ya Ku ni ya sentimita 2 hadi 3, hivyo yanataka dishi la bati zima. Dishi lililobonyea au kupinda likataliwe dukani.

Matangazo ya dijitali hayafifii polepole kama yale ya zamani. Picha huganda au hukatika ghafla. Mvua hupunguza sana mawimbi ya Ku. Dishi linalotosha kwa shida siku ya jua litakatika mvua ikinyesha, pengine saa ambayo wateja wamejaa wakiangalia mpira.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie ramani ya mwale wa satelaiti husika, kisha amtake fundi ajaribu dishi mahali litakapofungwa. Kwenye risiva asome ubora wa mawimbi, si nguvu pekee. Ubora ukizidi kidogo tu kiwango cha kukatika, achukue dishi kubwa zaidi. Risiva hubadilishwa kwa urahisi. Nguzo na zege ya dishi lisilotosha ni fedha iliyozikwa.