Kiinua mgongo na zahanati: yako mwenyewe au ya jina la wengine?

Muuguzi anapostaafu, swali huingia nyumbani pamoja na kiinua mgongo: tufungue zahanati yetu wenyewe, au tujiunge na jina ambalo wagonjwa tayari wanalijua?

Njia ya pili si ngeni Kenya. Mtandao wa CFW ulianza kufungua maduka ya dawa na zahanati ndogo mwaka 2000, zikiendeshwa na wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Mwenye duka alipewa mafunzo, mkopo na dawa kutoka makao makuu. Naye alitakiwa kuweka rekodi, kufuata mwongozo wa matibabu na kukubali kukaguliwa. Aliyekaidi angeweza kupoteza duka.

Wengi hudhani wanalipia ubao wa mlangoni. Mimi naona cha thamani hasa ni dawa. Anayejinunulia kwa jumla hubeba mwenyewe hofu ya dawa bandia, na kwa katoni mbili hapati bei nafuu.

Lakini ukiwa peke yako unabadili muuzaji upendavyo, na unaweza kumkopesha mama mwenye mtoto anayechemka homa hadi mwisho wa mwezi. Chini ya jina la wengine, huenda mkataba ukakukataza.

Leseni ya Baraza la Wauguzi utaihitaji kwa vyovyote.

Kabla ya kutia sahihi, tafuta ukurasa unaoeleza namna ya kuondoka. Dawa zilizobaki ni za nani? Deni je? Utaruhusiwa kufungua zahanati nyingine mtaa huohuo? Wakikataa uende na mkataba nyumbani mkausome na mwenzako, pesa na zibaki benki.