Karatasi Iliyonisuta Dagoretti

Mpwa wangu anasoma Nairobi na anakaa Dagoretti. Huko ameingiwa na mapenzi ya mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde, na mimi ndimi niliyemnunulia mishale. Basi kwa miezi mitatu habari zilizonifikia Mombasa zilikuwa za kukosa tu. Nikampigia simu, nikamkumbusha vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijiria (625), ambapo Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 kilimani chini ya Abdullah bin Jubair, akawaamuru wasiondoke, na wengi wao wakaondoka. "Asiyeshika amri hapati shabaha," nikamwambia. Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, nadhani nitauacha."

Hapo nikaona bora niende nikajionee.

Dagoretti si mahali pageni kwa habari za mishale. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga boma hapo kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, na misafara iliyotoka pwani, yenye wapagazi wengi wa Kiswahili, ilipita misitu ya Wakikuyu kwa hofu ya mishale ya sumu. Leo ni mitaa, masoko na matatu. Na kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, upinde niliokwenda kuutazama ni wa mchezo tu.

Ajabu ya upinde huo ni magurudumu mawili, moja kila ncha, na nyuzi zinayapitia kama kamba ipitavyo kwenye kapi la jahazi. Aliyeubuni ni Mmarekani, Holless Wilbur Allen, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Tundu la gurudumu halikutobolewa katikati bali pembeni. Ndiyo maana upinde wa ratili 50 ni mzito unapoanza kuvutwa, lakini ukishavutwa wote mkono hubaki umezuia ratili 12 hivi. Mpigaji hupata nafasi ya kutulia na kulenga.

Mwalimu wake ni Mkamba, mtu mzima, mpole wa maneno. Hakumlaumu kijana hata kidogo. Alitandaza karatasi kwenye fremu ya mbao, akaweka kizuizi cha mishale nyuma yake, akamsimamisha kijana kiasi cha mita mbili, akasema, "Piga."

Kisha akaniita. "Mzee, mshale unaoruka sawa huacha tundu la mviringo na mikato mitatu ya mabawa yake. Huu umechana. Ncha imepita hapa, mkia umepita kushoto. Unakwenda mshazari, kama ngalawa iliyosukumwa na mkondo."

Akaanza kupekua. Kwanza alitazama kama magurudumu yote mawili yanafika mwisho kwa pamoja. Yalikuwa sawa. Mchano ungekuwa wa juu au wa chini, alisema, angepandisha au kushusha mahali mkia wa mshale unapokaa kwenye ugwe. Huu ulikuwa wa ubavuni, basi akamwambia kijana alegeze mkono, asiukamate upinde kama mpini wa shoka. Mchano ukabaki. Akasogeza kulia, kwa kiasi cha unene wa ukucha, kitegemeo ambapo mshale hulala. Mchano ukapungua, haukwisha.

"Jambo moja kwa wakati mmoja," alisema. "Ukibadili mawili hutajua lipi lililoponya."

Mwisho akauchukua mshale wenyewe, akausoma ubavuni. Uliandikwa 700. "Nani kanunua hii?"

"Mimi," nikajibu kwa fahari. "Palikuwa na 500 na 700, nikachukua namba kubwa iliyo imara."

Hakucheka. Alinieleza kuwa wano la mshale huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, likatundikwa katikati uzito wa karibu ratili 2. Namba ni kipimo cha kubonyea kwake, kwa sehemu za elfu za inchi. Namba ikiwa kubwa, mshale ni laini! Kwa upinde ule, mshale wa 700 hujipinda kupita kiasi unaposukumwa na ugwe. Tena mshale wa kaboni ulio laini mno waweza kupasuka ukamchoma mpigaji mkononi. "Babu yangu Ukambani hakuwa na namba," alisema. "Alilipinda wano kwa vidole, akaliweka jichoni, akajua."

Akamwazima kijana mshale wa 500. Karatasi ikatoka na tundu la mviringo, mikato mitatu. Akapiga tena, vile vile. Mara ya tatu, vile vile.

Mpwa wangu hakusema neno, alinitazama tu. Nikamwomba radhi mbele ya mwalimu wake, kwani kisa cha Uhud nilikuwa nimekitumia pasipo mahali pake. "Yamekwisha, mjomba," akasema, na akili yake ilikwisharudi kwenye shabaha. Tukaanza kuzungumza habari za Shehzana Anwar, mpiga upinde aliyebeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ingawa upinde wake hauna magurudumu. Huu wenye magurudumu umepangiwa kuingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028.

Karatasi iliyochanika nimerudi nayo Mombasa. Tuna wepesi wa kuwahukumu watoto wetu kwa mahali mshale ulipoangukia. Tuangalie kwanza ni mshale gani tuliowapa.