Vitamini Katika Unga: Sheria ya Kiwandani na Mahindi ya Kisiagi

Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inavitaka viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti, na vitamini A katika mafuta ya kupikia. Chumvi ilitangulia, kwani kutiwa kwake iodini ili kuzuia rovu kulianza kuwa lazima katika miaka ya 1970. Uganda na Tanzania nazo zilipitisha kanuni kama hizo za unga na mafuta.

Unga wa mahindi huongezwa vitamini A, vitamini kadhaa za kundi la B, chuma na zinki. Sababu ya kwanza ni usagaji wenyewe. Mahindi yanapokobolewa ili unga uwe mweupe, ganda na kiini huondolewa, na humo ndimo virutubishi vingi vilimo. Sababu ya pili ni magonjwa. Ukosefu wa chuma huleta upungufu wa damu, na ukosefu wa vitamini A hudhoofisha macho na kinga ya mwili. Foleti, ambayo ni vitamini ya kundi la B, inahitajika mapema mno: uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za kwanza za mimba, mara nyingi mama akiwa bado hajajua kwamba ni mjamzito. Vidonge vya kliniki humkuta amechelewa, lakini ugali huwa ameshaula.

Huko Suneka, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori, unga hufika jikoni kwa njia mbili. Wapo wanaonunua pakiti dukani, na wapo wanaopeleka kwenye kisiagi, yaani mashine ndogo ya kusaga, mahindi ya shambani au yanayopimwa kwa gorogoro sokoni. Sheria inaishia kwenye pakiti. Mwenye kisiagi anayesaga debe la jirani hana mchanganyiko wa virutubishi wala kifaa cha kuupima.

Mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa hubaki na kiini chake, hivyo yanauzidi kwa virutubishi unga mweupe usioongezwa kitu. Hata hivyo, mahindi meupe hayana vitamini A ya kutosha, hayana B12, na chuma chake hushikwa na faiteti, kemikali ya nafaka inayouzuia mwili kukifyonza. Wimbi, nafaka ya jadi ya Abagusii, wenyeji wa Kisii, lina kalsiamu nyingi lakini lina faiteti pia. Kuchachusha uji huipunguza. Mboga za kienyeji kama chinsaga na managu huleta vitamini A na foleti.

Hata visiagi vinaweza kuongeza virutubishi: nchini Tanzania, shirika la Sanku limefunga katika mashine ndogo za kusaga vifaa vinavyodondoshea virutubishi kwenye unga kwa kipimo. Njia hiyo inahitaji mchanganyiko upatikane daima na mtu wa kukagua vifaa.

Kwa bidhaa za dukani, ukaguzi ni kazi ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na maafisa wa afya ya umma. Baada ya hapo, utunzaji ni wa muuzaji na mpishi. Mafuta yanayouzwa kwa kupima yakianikwa juani hupoteza vitamini A, na chumvi iliyoachwa wazi penye unyevu hupoteza iodini. Mafuta huwekwa kivulini, na chumvi katika chombo chenye kifuniko, ikitiwa chakula kikikaribia kuiva.