Chumvi Inafanya Nini Juu ya Barafu?

Mama mmoja wa Kigombe, anayechemsha dagaa pale ufukweni na kuwaanika, amenitumia swali kwa simu. Mwanawe anaendesha lori Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Msimu wa baridi uliopita kijana alimrushia mama yake video: usiku, theluji imerundikana pembeni mwa njia, na mbele yake gari kubwa linamwaga chumvi barabarani kama mtu anayewatupia kuku mtama. "Mwanangu," anauliza mama, "sisi chumvi ya dagaa tunaipima kwa kibaba, wao wanaimwaga chini? Na inamsaidia nini kijana wangu asiteleze?"

Habari za makoti, glavu na soksi za sufu nitaziacha. Aliyemaliza msimu mmoja Minnesota anazijua kuliko mimi. Mama ameuliza habari ya chumvi, na chumvi ndiyo yenye utamu.

Kwanza tumjue adui. Theluji, ile nyeupe inayoanguka kama usufi, dereva anaiona na anajihadhari. Cha kuogopwa zaidi ni utando mwembamba wa barafu unaojitandaza pale mvua ya rasharasha inapoangukia lami iliyokwisha kupoa chini ya sifuri. Hauna viputo vya hewa, ni safi kama chimni ya taa iliyotoka kufutwa, na rangi ya lami inapenya juu yake. Dereva anadhani njia imelowa tu. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2021, katika mji wa Fort Worth, Texas, magari zaidi ya 130 yaligongana juu ya barafu ya namna hiyo, na watu 6 wakafa.

Kwa Kiingereza utando huo umepewa jina lenye neno "nyeusi", na ni rahisi kulitafsiri tukasema barafu nyeusi. Mimi silikubali. Weusi ni wa lami. Barafu yenyewe haina rangi, na jina hilo litamfanya dereva atafute doa jeusi ambalo halipo. Nikafikiria barafu kioo, lakini kioo humeta, na jicho hukinasa. Tunalo pia neno sakitu, zuri na limesahaulika, la umande unaoganda, kama ule wanaouona watu wa Njombe na Kitulo mwezi wa Juni na Julai. Ila sakitu ni nyeupe, inaonekana toka mbali. Nimetua kwenye barafu fiche, kwa sababu linamwambia dereva jambo moja la kweli: hutaiona. Na asiniambie mtu kwamba barafu haiwezi kubeba maana mpya. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waajemi, ambao kwao barf ni theluji. Lilipofika pwani yetu isiyo na theluji tukalipa kazi nyingine, nalo likaifanya.

Sasa chumvi. Nifuate mpaka Pangani, kwenye kivuko cha kwenda Bweni. Chukulia pantoni imefunga gati, haiendi popote, mlango uko wazi, na watu wanapanda na kushuka bila kukoma. Pantoni ni barafu. Umati uliosimama ufukweni ni maji, na kila mtu ni molekuli moja ya maji. Popote barafu inapogusana na maji, hayo ndiyo yanayotokea kila sekunde: molekuli hizi zinabanduka kutoka kwenye barafu na kuwa maji, zile zinatoka majini na kujipanga kwenye barafu. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi wanaopanda ni sawa na wanaoshuka, kwa hiyo pantoni haijai wala haipungui. Baridi ikizidi, waliomo ndani wanakosa nguvu ya kushuka. Wanaopanda wanawazidi wanaoshuka, pantoni inajaa, maji yanaganda.

Mara wanatokea wachungaji na mbuzi mia, wanajichanganya na umati. Pantoni hii ina sheria moja: mbuzi hapandi. Fuwele ya barafu imepangwa kwa nafasi za molekuli za maji, na ioni za sodiamu na kloridi, ambazo ndizo chumvi, hazina pa kukaa humo. Ndiyo maana barafu ya bahari hutema chumvi yake. Barafu kongwe ya Aktiki ukiiyeyusha unakunywa. Basi mbuzi hawapandi, lakini wamejaa mlangoni. Anayetaka kupanda anakuta pembe mbele yake, na kwa kila dakika wanaopenya wanapungua. Waliomo ndani mbuzi hawawahusu. Wao wanaendelea kushuka kwa kasi yao ileile. Taratibu pantoni inabaki tupu, na hakuna aliyeipasha moto! Chumvi imeziba njia ya kurudi, basi, na barafu ikajimaliza yenyewe.

Utauliza mbuzi wanafikaje mlangoni ikiwa kila kitu kimeshaganda. Juu ya barafu, hata chini ya sifuri, huwa pana utando wa majimaji mwembamba mno. Michael Faraday aliusema mwaka 1850, na utando huohuo una mkono katika utelezi wa barafu. Punje ya chumvi huanza kuyeyukia hapo, kisha inajichimbia.

Mnaweza kulijaribu Kigombe kwenyewe. Pondeni barafu ya kuhifadhia samaki, jazeni kikombe cha bati, tieni chumvi ya mawe ya kutosha, korogeni. Kushuka kwenye pantoni kunakula joto, kwa hiyo mchanganyiko unapoa mbali chini ya sifuri, na baada ya muda mtaona sakitu ikiota nje ya kikombe, katika joto la Tanga! Msiushike mchanganyiko kwa mkono mtupu, unaunguza. Na watoto waambiwe kwamba mkoa huu una jina katika sayansi ya kuganda: mwaka 1963, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka yakiwa moto yameganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wa Dar es Salaam wakalichapisha jambo hilo.

Mbuzi nao wana kikomo. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, huanza kuganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Ukizidisha chumvi unaweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri, penye chumvi asilimia 23 hivi, na hapo ndipo mwisho wake. Barabarani chumvi ya kawaida huchoka mapema zaidi, karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na Minnesota mwezi wa Januari hupita hapo mara nyingi. Ndipo huchanganya kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, au humwaga mchanga ili tairi lipate pa kushika. Chumvi hula chuma cha magari na huchafua maziwa na mito, lakini hilo ni la siku nyingine.

Basi mama, ndiyo, ni chumvi ileile kikemia, ingawa yao nyingi huchimbwa ardhini ikiwa mwamba, na si ya kutia mchuzini. Mwambie kijana aangalie kipimajoto cha gari kabla ya kuiamini chumvi. Kikionyesha chini ya nyuzi 10 hasi za Selsiasi, ajue mbuzi wamechoka. Nafasi kati yake na gari la mbele aiongeze hata mara kumi, na breki aiguse kwa upole. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa upepo wa baridi unayapiga juu na chini. Apunguze mwendo kabla ya kulifikia daraja, asingoje mpaka awe juu yake.