Minara ya Bawdsey

Katika pwani ya mashariki ya Uingereza, pale mto Deben unapomwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini, pana kasri kubwa lenye minara na vilele vya kila namna, ambalo tajiri mmoja wa soko la hisa la London, Sir Cuthbert Quilter, alianza kulijenga mwaka 1886 ili apate mahali pa kupumzika yeye na aila yake. Mwenye kulitazama leo kutoka ng'ambo ya mto hatadhani kwamba hapo Bawdsey, katika mabustani ya tajiri huyo, ndipo palipoanzishwa kituo ambacho aghalabu huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani cha rada ya kulinda anga kukabidhiwa jeshi na kushika kazi, wala kwamba askari hawakuondoka kabisa mahali hapo hadi mwaka 1991.

Kisa chenyewe kilianza kwa hofu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, ndege za kuangusha mabomu zilizidi mwendo na zilizidi kimo, na wakuu wa Uingereza, waliokuwa wamezoea kuihesabu bahari kuwa ndiyo ngome yao, walitambua kwamba bahari hiyo sasa inavukwa kwa muda wa dakika chache. Mwaka 1932 Stanley Baldwin, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, alilitangazia Bunge kwamba ndege ya mabomu haina budi kupenya, hata ikizuiwa vipi. Silaha ya kuipatia habari ya adui ilikuwa masikio tu: kule Denge, katika pwani ya Kent, walikuwa wamejenga ukuta wa zege uliopinda, wenye urefu wa futi 200, uyakusanye makelele ya injini kutoka baharini, lakini ukuta huo ulisikia pia magari, mawimbi na upepo, na hata siku ulipofanya kazi vizuri, ulimpa mlinzi dakika zisizotosha rubani kupaa na kufika kimo cha adui.

Katika hali hiyo ya kutapatapa, watu walianza kutumaini miujiza. Palikuwa na uvumi wa mwali wa mauti, yaani mawimbi ya redio yenye nguvu za kumwua rubani angani au kuizima injini ya ndege yake, na husimuliwa kwamba Wizara ya Anga iliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa yeyote atakayeweza kumwua kondoo kwa mwali kama huo umbali wa yadi 100. Kondoo walisalimika wote. Mwanzoni mwa mwaka 1935 Wizara iliona heri jambo hilo liulizwe kwa mtu mwenye elimu, ikampelekea Robert Watson-Watt, Mskochi aliyekuwa mkuu wa kituo cha utafiti wa redio huko Slough, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiyachunguza mawimbi yatokayo katika radi ili marubani waonywe wasiingie katika tufani. Yeye naye alimpa msaidizi wake, Arnold Wilkins, hesabu ndogo ya kufanya: ni nguvu kiasi gani zitakiwazo kuyapasha moto, kutoka mbali, maji ya ujazo kama wa damu ya mwanadamu, mpaka yafikie joto la homa kali? Wilkins alipiga hesabu akaona kwamba nguvu hizo hazipatikani kabisa. Walakini alikumbuka kwamba mafundi wa Posta walikuwa wamelalamika kuwa ndege zikipita karibu na mitambo yao, sauti za redio huvurugika. Ikiwa mawimbi hayawezi kumdhuru rubani, basi pengine huigonga ndege yake yakarudi, na kile kirudicho chaweza kunaswa na kupimwa.

Jaribio lilifanywa tarehe 26 Februari 1935 katika konde moja karibu na Daventry. Hawakuwa na mtambo wao wenyewe wa kurusha mawimbi, basi waliazima ule wa BBC, ambao kazi yake ilikuwa kutangazia makoloni ya Kiingereza, ya Afrika yakiwamo. Wakaegesha gari lenye chombo cha kunasia, na ndege nzito ya aina ya Heyford ikaamriwa iende na kurudi juu yao. Ndani ya gari, nukta ya kijani iliyokuwa juu ya kioo ilirefuka na kufupika kadiri ndege ilivyokuwa ikikaribia na kwenda zake, hata ilipokuwa mbali kiasi cha maili 8. Serikali ilitoa fedha, na mwezi wa Mei wanazuoni wachache wakahamia Orfordness, ulimi wa mchanga na kokoto usiofikika kwa urahisi, ambako watu wangewaona lakini wasijue wafanyalo. Kazi ilipowazidi nafasi, Wizara ililinunua kasri la Bawdsey, mwendo mfupi kuelekea kusini, kwa pauni 24,000, nao wakahamia huko mwaka 1936.

Sijui kama pamekuwako kituo kingine cha kijeshi kilichoanza katika hali ya raha namna hiyo. Vyumba vya wageni viligeuzwa kuwa maabara, mazizi ya farasi yakawa karakana, na vijana waliotoka vyuoni walicheza kriketi katika uwanja wa tajiri, wakaoga baharini mchana, kisha wakafanya kazi hadi usiku wa manane. Quilter alikuwa na wito wa ukoo wake kwa Kifaransa, usemao kuwa ni heri kufa kuliko kubadilika. Na chini ya wito huo ndipo vijana wale walipokuwa wakibadilisha kazi nzima ya ulinzi.

Chombo walichokitengeneza hakikuwa cha kupendeza, na yafaa nikieleze, kwa kuwa wengi hudhani rada ni bakuli linalozunguka. Ya Bawdsey haikuzunguka. Kwa kutimia kwake, kituo cha namna ile kilikuwa na minara minne ya chuma, kila mmoja wa futi 360, iliyotundikwa nyaya za kurushia mawimbi. Na mbali kidogo palikuwa na minara mingine minne, ya mbao, ya futi 240, iliyobeba nyaya za kunasia, nayo ilijengwa kwa mbao kwa sababu chuma kingewavurugia mawimbi yale dhaifu yaliyokuwa yakirudi. Mawimbi yenyewe yalikuwa marefu, baina ya mita 10 na 15. Mtambo uliyarusha kwa mapigo mafupi, mapigo 25 kwa kila sekunde, yakatawanyika juu ya bahari yote iliyo mbele yake kama mwanga wa taa isiyo na kivuli. Yakigonga ndege, mwangwi hafifu hurudi, na kwa kuwa mwendo wa mawimbi ya redio ni ule ule wa mwanga, mwangwi utokao maili 100 hufika kwa muda kama wa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiupima muda huo, umeupata umbali.

Kuupima ndiko kulikokuwa ustadi, na ustadi huo, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa wanawake. Watson-Watt aliwajaribu kwanza makarani wa kike wa hapo hapo, akaona wana utulivu wa macho na mikono, na tangu hapo wasichana wa kikosi cha wanawake cha Jeshi la Anga wakawa ndio walinzi wa kioo. Msichana aliketi katika chumba chenye giza, mbele yake mstari wa mwanga wa kijani umelala kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake kipimo cha maili. Mstari huo haukutulia kamwe. Ulikuwa ukitetemeka kama nyasi, na katika nyasi hizo alitakiwa kulitambua jino moja dogo lililoning'inia kuelekea chini. Akiliona, huleta alama juu yake kwa gurudumu, akapata umbali. Kisha hukizungusha kirungu kingine polepole mpaka lile jino linyong'onyee na kupotea, na hapo lilipopotea ndipo alipojua upande ndege ilipo. Kisha hulinganisha nyaya za juu na za chini ili akipate kimo. Hesabu ya ndege aliikisia kwa namna jino lilivyopapatika, na hili halikufundishika kitabuni. Yote hayo aliyatamka katika simu bila kungoja, kwa sauti isiyobadilika.

Na hapa ndipo nionapo kuwa wengi wanaosimulia habari za rada hukosa njia, kwani hukisifu chombo. Kwa chombo, Wajerumani walikuwa mbele: rada zao za Freya na Würzburg zilitumia mawimbi mafupi zaidi na zililenga vizuri zaidi, hali ya Kiingereza haikuona kitu nyuma yake barani, na ndege zilizoruka chini chini juu ya maji ziliipita, hata ikabidi kuongezewa rada nyingine ya kuzitafuta hizo. Watson-Watt mwenyewe hakulificha jambo hilo; alikuwa akisema kwamba kilicho bora kabisa hakifiki, na cha pili kwa ubora huchelewa, basi jeshi lipewe cha tatu. Kilichowafaa Waingereza ni utaratibu wa kuipeleka habari. Simu za vituo vyote vya pwani, safu iliyoitwa Chain Home, zilikwenda katika chumba kimoja huko Bentley Priory, nje ya London, makao ya Sir Hugh Dowding aliyekuwa amiri wa ndege za kivita, na humo habari zilizopingana zilichujwa mpaka ikabaki moja ya kuaminika, ndiyo iliyopelekwa katika vyumba vya kuongozea marubani. Juu ya meza kubwa yenye ramani, wasichana walisogeza vibao kwa fimbo ndefu. Na ukutani palikuwa na saa ambayo uso wake uligawanywa kwa rangi tatu, nyekundu, manjano na buluu, dakika tano kwa kila rangi, ili kila kibao kiwekwe kwa rangi ya wakati wake na afisa aliyeketi juu ajue mara moja, bila kuuliza, ni habari ipi mpya na ipi imechakaa. Saa ile ya rangi, kwangu mimi, ina heshima sawa na minara.

Wajerumani waliiona minara. Haikufichika, kwani aliyekuwa baharini aliiona kwa macho. Mwaka 1939 walilituma puto lao kubwa, Graf Zeppelin, lipite kando ya pwani ya mashariki likiwa na vyombo vya kusikilizia, likarudi bila ya kufahamu kwamba yale makelele lililoyanasa ndiyo rada yenyewe. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba mwaka huo, wanazuoni waliondolewa haraka Bawdsey, mahali palipokaribiana mno na adui, wakapelekwa Dundee katika Uskochi, na kituo kikabaki na askari wake. Tarehe 12 Agosti 1940 ndege za Ujerumani zilivishambulia vituo vya kusini, Dover, Rye, Pevensey na Ventnor. Cha Ventnor kilinyamaza, lakini vile vingine vilirudi kazini baada ya saa chache, kwa maana minara iliyojengwa kwa vyuma vilivyoachana huupitisha mshindo wa bomu katikati yake isianguke. Siku tatu baadaye Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alitia shaka kama kuna faida ya kuendelea kuvishambulia vituo hivyo. Bawdsey nayo ilipigwa mabomu mara kadhaa, na minara yake ikabaki imesimama.

Mbegu ya elimu hii ilifika hata pwani yetu. Mwezi wa Septemba 1939 mwanazuoni Ernest Marsden, aliyekuwa akirejea New Zealand kutoka Uingereza na karatasi za siri, alipitia Afrika Kusini kwa meli. Akapanda humo Basil Schonland wa Johannesburg, bingwa wa elimu ya radi kama alivyokuwa Watson-Watt, akazisoma karatasi hizo njiani mpaka Durban. Kwa vifaa vilivyopatikana madukani na vyuoni yeye na wenzake waliunda rada yao wenyewe, wakaiita JB, na mwaka 1940 wakaja nayo Kenya kuisimamisha Mambrui, kaskazini ya Malindi, izichunge ndege za Kiitalia zitakazotoka Somalia kuielekea Mombasa. Katika historia za vita vya Ulaya mji ule wa kale wa Waswahili hautajwi, ingawa kazi iliyofanyika pale ilikuwa ile ile ya Bawdsey.

Baada ya vita adui alibadilika akawa Urusi, na ndege zikawa za mwendo ambao minara ya zamani isingeuweza. Katika miaka ya 1950 palichimbwa Bawdsey ngome chini ya ardhi, ya zege nene, na mlango wake ukafunikwa na nyumba ndogo iliyofanana na ya mkulima yeyote. Mwaka 1966 moto ulipozuka katika ngome kama hiyo huko Neatishead na kuwaua wazima moto watatu, kazi yake ilihamishiwa Bawdsey kwa miaka kadhaa. Kisha yakaja makombora ya Bloodhound, yaliyokaa hapo tangu 1979 hadi 1990, na mwaka uliofuata bendera ikashushwa.

Kasri liliuzwa, likawa chuo cha wanafunzi wa kigeni, na sasa ni kambi ya watoto wa shule wanaokuja kwa michezo. Minara ilikuwa imepunguzwa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho uliangushwa mwaka 2000, jambo ambalo naliona kuwa la uzembe, kwa kuwa taifa linalotunza hata vibanda vya reli lingeweza kuubakisha mnara mmoja. Kilichonusurika ni jengo la mitambo ya kurushia mawimbi, lenye ukuta mzito wa kukinga mabomu, ambalo watu wa kujitolea walilipigania, wakatafuta fedha za kulitengeneza, na mwaka 2017 likafunguliwa tena kuwa makumbusho. Mwenye nia ya kulizuru na aulize kwanza siku zake, kwa sababu halifunguliwi kila siku.