Kiinitete Kibichi au Kilichogandishwa?

Maswali ninayoletewa na kina mama wa Kibera na Kawangware yamegeuka. Zamani waliniuliza kama mtoto wa maabara ni mtoto kweli. (Ni mtoto kweli, Kenya ilipata wa kwanza mwaka 2006, hapa hapa Nairobi.) Sasa wanauliza: daktari anataka kugandisha, je, si kuongeza bili tu?

Jambo lenyewe ni hili. Mayai ya mama hukutanishwa na mbegu za baba maabarani, na kiinitete kikalelewa siku tatu au tano. Kikirudishwa tumboni papo hapo, ndicho kibichi. Kikigandishwa, hukaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, mpaka mji wa mimba uwe tayari. Na nyinyi mnaoogopa stima kupotea, tangi lile halitegemei umeme. Linataka kuongezwa naitrojeni tu.

Mwaka 2016 madaktari wa China walichapisha utafiti wa wanawake wenye ovari zilizojaa vifuko. Waliogandishiwa walizaa 49 katika kila 100, wa kibichi 42. Tena wachache zaidi walivimba ovari na kujaa maji tumboni kwa sababu ya zile sindano za kukuza mayai. Ila presha ya ujauzito iliwapata zaidi waliogandishiwa, na hilo huwa halitajwi sana. Mwaka 2018, tafiti mbili za China na Vietnam kwa wanawake wasio na tatizo hilo hazikuona tofauti ya maana. Basi mama ambaye shida yake ni mirija iliyoziba, na wengi wanaonijia ni hao, ana haki ya kuuliza: kwangu unagandisha kwa nini?

Pesa ndiyo inayowasukuma kuomba viwekwe viwili au vitatu kwa mpigo, maana raundi moja aghalabu hupita shilingi laki nne. Mimi sikubaliani nao. Mapacha huzaliwa kabla ya siku zao mara nyingi, na bili ya chumba cha watoto njiti haina huruma. Kiweke kimoja, kilichobaki kigandishwe. Kikikataa cha kwanza, unarudia bila kuanza upya sindano na kutolewa mayai, kwa gharama ndogo zaidi. Ila ada ya kuhifadhi kwa mwaka iulizwe mapema, nayo iandikwe.